Bepari wa Campden: Namna ya Kuuzuru Mji wa Soko

Wahenga waliponena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi, hapana shaka walimfikiria msafiri anayejichagulia la kutazama. Msafiri wa siku hizi, hasa mwanafunzi wa fasihi aliyebahatika kupata ufadhili wa kwenda Uingereza kwa muhula mmoja au miwili, aghalabu huondoka akiwa amekwisha kuambiwa la kuona. Huelekezwa Stratford-upon-Avon, akapigwa picha mlangoni pa nyumba inayosemekana kuwa ndimo alimozaliwa William Shakespeare, akanunua kikombe chenye sura ya mtunzi huyo, kisha akarejea London kabla ya giza kuingia. Makala haya yanashikilia kwamba ziara ya namna hiyo ni hasara ya nauli. Lau mwanafunzi huyo angesafiri kilomita 20 hivi zaidi kuelekea kusini, hadi mji mdogo wa Chipping Campden, na kuutazama kama soko badala ya kuutazama kama picha, angerudi nyumbani na elimu ambayo kikombe hakiwezi kuibeba.

Hata huko Stratford kwenyewe, soko lilitangulia tamthilia. Mji huo ulipata hati ya kuendesha gulio la kila wiki mwaka wa 1196, katika enzi ya Mfalme Richard I, karibu miaka 370 kabla ya Shakespeare kuzaliwa. Baba yake, John, alikuwa mshonaji wa glavu za ngozi, na rekodi za mahakama zinaonyesha kwamba katika miaka ya 1570 alishtakiwa kwa kununua na kuuza sufu bila idhini. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo alijua bei kabla ya kujua beti. Wasomaji wa Kiswahili wana kila sababu ya kulitambua jambo hili, maadamu Mwalimu Julius Nyerere, alipoifasiri tamthilia ya mwandishi huyo kuhusu wafanyabiashara na wakopeshaji mwaka wa 1969, aliuita mchezo wenyewe Mabepari wa Venisi. Angeweza kuchagua neno la upole zaidi. Bepari, neno lililotujia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mchuuzi tu, lilikuwa katika Tanzania ya Azimio la Arusha limekwisha kubeba lawama nzima ya unyonyaji. Kwa neno hilo moja Mwalimu aliwafundisha wasomaji wake kumtazama mfanyabiashara wa Ulaya kwa jicho la kuuliza. Jicho hilo ndilo linalofaa kuchukuliwa hadi Campden.

Jina lenyewe la mji ni somo la isimu. Chipping halina uhusiano wowote na viazi wala na kuchonga mawe. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha soko, na ndilo lililozaa pia neno la Waingereza la leo la kueleza kitu cha bei nafuu. Ipo miji mingine yenye jina hilo, mathalani Chipping Norton na Chipping Sodbury, na wengi wa wakazi wake hulitamka kila siku bila kukumbuka kwamba wanataja soko. Mkenya asiwacheke. Ni wangapi wanaoshukia Kariokor jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, wakakumbuka kwamba wanawataja wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia? Majina ya masoko ni makaburi ambayo watu huyapita wakiwa na vikapu mikononi.

Campden ilipata haki ya kuwa na gulio katika karne ya 12, na umbo lake bado linaeleza hivyo kwa yeyote anayejua kulisoma. Barabara kuu ni moja, ndefu, yenye kupinda taratibu, na mahali fulani katikati inapanuka ghafla. Upana huo haukuwekwa kwa ajili ya magari ya watalii. Ndipo kondoo, kuku na wanunuzi walipokusanyika. Nyumba zimebanana upande wa barabara, kila moja na uso mwembamba, lakini nyuma yake viwanja vinakwenda mbali kama mikanda. Sababu yake ni ya kibiashara tupu: kila mtu alitaka mlango unaoelekea sokoni, na waliogawa ardhi walijua thamani ya kila hatua ya ukingo wa barabara.

Kilichouzwa kikaujenga mji kilikuwa sufu. Kondoo wa vilima vya Cotswold walikuwa na manyoya marefu yaliyotafutwa na wafumaji wa Flanders na Italia, na katika karne ya 14 mfanyabiashara mmoja wa hapa, William Grevel, alipata utajiri wa kumwezesha kumkopesha mfalme. Nyumba yake, iliyojengwa yapata mwaka wa 1380, ingalipo. Alifariki mwaka wa 1401, na katika kanisa la Mtakatifu James yeye na mkewe wamechorwa kwenye bamba la shaba sakafuni, pamoja na maandishi ya Kilatini yanayomsifu kuwa ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima. Maneno hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Sifa ya ushairi amepewa mtu wa hesabu, tena ndani ya nyumba ya ibada, na waliochunga kondoo hao kwenye baridi hawakuachiwa hata kibamba.

Karne mbili baadaye alikuja bepari mwingine, Sir Baptist Hicks, muuza hariri wa London aliyetajirika kwa kuiuzia ikulu nguo na kumkopesha Mfalme James I fedha. Alijenga nyumba za kuwatunza wazee maskini mwaka wa 1612, na mwaka wa 1627 akajenga jumba la soko ambalo leo ndilo linalopigwa picha kuliko kitu chochote mjini. Ni jengo dogo, lililo wazi pande zote, lenye matao ya mawe ya rangi ya asali na sakafu ya mawe iliyolika kwa nyayo za watu. Chini ya paa hilo wanawake wa mashambani waliuza siagi, jibini na kuku bila kunyeshewa. Juu yake Hicks aliweka nembo ya ukoo wake, asije mtu akasahau kivuli ni cha nani. Kasri lake la kifahari lilichomwa moto mwaka wa 1645 na askari wa upande wa mfalme, upande ule ule uliokuwa wa ukoo wake, walipokuwa wakiuhama mji. Kivuli cha kuku kimedumu. Kasri limebaki vibanda viwili na lango.

Hapa ndipo msafiri anapopaswa kuuliza swali ambalo vitabu vya kitalii huliruka: kwa nini mji huu ni mzuri hivi? Jibu ni kwamba ulifilisika. Waingereza walipoacha kusafirisha sufu ghafi na kugeukia kuuza nguo zilizofumwa, kazi ilihamia kwenye mabonde yenye mito ya kasi karibu na Stroud, na baadaye viwanda vya mvuke vya Yorkshire vikamaliza mambo. Reli ilipofika mwaka wa 1853, stesheni ilijengwa nje ya mji, nayo ikafungwa mwaka wa 1966. Hapakuwa na mtu mwenye fedha za kubomoa ya kale ili ajenge mapya. Ule uzuri unaoitwa wa milele ni uzuri wa duka ambalo mwenyewe alikosa mtaji wa kulipaka rangi.

Kisa cha mafundi wa London kinalithibitisha hilo. Mwaka wa 1902 msanifu majengo C. R. Ashbee alikihamishia Campden chama chake cha mafundi, Guild of Handicraft, alichokianzisha mwaka wa 1888 mashariki mwa London. Watu wapatao 150, mafundi na jamaa zao, walitoka kwenye moshi wa jiji wakaja kufua fedha, kuchonga samani na kufunga vitabu mashambani. Nia ilikuwa njema, na nyumba tupu zilikuwepo kwa sababu mji ulikuwa umelala. Wenyeji waliwatazama wageni hao kwa mashaka, jambo ambalo si la kushangaza. Baya zaidi ni kwamba wanunuzi walikuwa London, maduka makubwa yaliuza vitu vya kuiga kwa bei ndogo, na fundi aliyekosa kazi Campden hakuwa na karakana ya pili ya kubisha hodi. Chama kikavunjika kufikia mwaka wa 1908. Ashbee alikuwa ameona mawe mazuri akadhani ameona uchumi.

Haya hayasemwi ili kuwabeza wanaouhifadhi mji. Mchoraji F. L. Griggs na wenzake walianzisha mwaka wa 1929 shirika la kuyalinda majengo yake, na jumba la soko lilipokaribia kuuzwa Marekani katika miaka ya 1940, wenyeji walichanga fedha wakalinunua, kisha wakalikabidhi kwa shirika la kitaifa la hifadhi. Huo ni uzalendo wa kuigwa. Hata hivyo, mji wenye wakazi wanaozidi 2,000 kidogo tu, ambamo nyumba za zamani hununuliwa na matajiri wa miji mikubwa kwa mapumziko ya wikendi, umehifadhi kuta ukaanza kuwapoteza watu. Mtoto wa seremala aliyezaliwa hapo ni nadra kumudu nyumba hapo. Wakenya wanalijua jambo hili kwa jina lingine: Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na tayari nyumba nyingi za mawe, huko na Shela, zimenunuliwa na wageni wanaokuja msimu mmoja kwa mwaka. Anayetaka kujua Lamu yaweza kuwa nini katika miaka hamsini ijayo akaulize Campden nani hulala katika nyumba zile mwezi wa Februari.

Wapo watakaodai kwamba Mwafrika kufunga safari kwenda kutazama vijiji vya Kiingereza ni kasumba ya kikoloni. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa vizazi vya wanafunzi vililishwa Uingereza ya bustani na kengele za kanisa, isiyo na wadeni wala wachunga kondoo. Lakini dawa ya picha ya uongo haiwezi kuwa kufumba macho. Anayewasoma Grevel na Hicks kwa jicho la Mwalimu amekwisha kuitoka kasumba hiyo, na anaweza kuusifu ustadi wa mwashi bila kumpigia magoti aliyemlipa.

Kwa msafiri aliye tayari, njia ni hii. Apande gari moshi kutoka stesheni ya Paddington hadi Moreton-in-Marsh, na achague Jumanne. Moreton haina sifa za Campden, lakini siku hiyo barabara yake hujaa meza za wachuuzi wa matunda, nguo na vifaa vya jikoni, na bei hutangazwa kwa sauti. Kisha apande basi hadi Campden, na akishalitazama jumba la soko aende barabara ya Sheep Street, kwenye kilichokuwa kiwanda cha hariri. Ndani yake kuna karakana ya kufua fedha ya familia ya Hart, iliyochipuka kutoka kwa mafundi wa Ashbee, na nyundo hazijanyamaza. Darini zinaning'inia ankara za miaka mingi, shada juu ya shada, zimekauka kama majani ya tumbaku, kila moja ikiwa na jina la mtu aliyeagiza kitu na kiasi alicholipa.