Kumkumbusha Mwalikwa

Ndugu zetu Waislamu, na khasa ninyi wa Tarime na Serengeti, mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu dogo, nalo ni namna ya kumkumbusha mtu aliyealikwa. Kuitikia mwaliko wa walima ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na hayo twafundishwa tangu chuoni. Walakini mwenye kualika naye ana deni lake: amfikishie mwalikwa khabari iliyo wazi, asije akamtia makosani mtu ambaye moyo wake ulikuwa tayari kuja.

Tuliyaona kwa macho yetu katika nyumba moja ya Mugumu ilipomwoza binti yao. Baba wa binti alikwisha kufariki, wala hana babu wala ndugu wa kiume; walii wake akawa baba yake mkubwa, mzee akaaye upande wa Nyamwaga, ng'ambo ya mto Mara. Kadi iliandikwa: usiku wa Jumamosi, baada ya Isha. Aliyeiandika ni mtu wa madrasa, na katika hesabu yetu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana wake; kwa hiyo alikusudia Ijumaa, jua likisha kuchwa. Mzee, kama wahesabuvyo watu wengi siku hizi, akafahamu kuwa ni Jumamosi.

Wala hakusahauliwa. Alipelekewa ukumbusho kwa simu mara tatu, na mjukuu wake akamsomea. Lakini kila ujumbe ulirudia maneno yale yale ya kadi, na miwili katika hiyo mitatu ilikuwa pia ikidai mchango. Ijumaa ile watu walikaa mkekani mpaka saa tano usiku, pilau imepoa, bwana arusi ameinamisha kichwa, na simu ya mzee haipatikani. Ndoa ikafungwa kesho yake. Mzee alipofika na kuambiwa kwamba alingojwa jana, aliitoa kadi mfukoni, akaionyesha, akalia. Alidhani walitaka kumwoza mtoto wa nduguye bila ya yeye.

Basi ukumbusho si kulirudia neno lililokwisha kusemwa. Neno likiwa na utata, kulirudia mara kumi hakuuondoi. Ukumbusho wenye faida ni ule unaorudi na jibu. Mpigie mwalikwa simu, umwamkie, umwulize khabari za nyumbani, kisha useme: "Baba, tukutazamie siku gani?" Akijibu sivyo, utamweleza pale pale kwa adabu. Swali hilo moja lingemleta mzee wetu kwa wakati.

Usiku na uandikwe "usiku wa kuamkia Jumamosi", au bora zaidi, "Ijumaa jioni", pamoja na tarehe. Saa nazo zina mtego wake. Kadi ikisema saa 8:00 mchana, sisi twajua ni baada ya Adhuhuri. Lakini kijana akiitia 8:00 hiyo katika simu yake ili imkumbushe, italia saa mbili asubuhi, kwani simu huanza hesabu yake usiku wa manane. Jamaa zetu wa Isebania na Kehancha waliozoea kuhesabu saa kwa Kiingereza huweza kupotea vivyo hivyo. Kuitaja swala ni salama zaidi.

Ama mchango, ujumbe wake uwe mbali kabisa na ukumbusho. Masikini akiona jina la mdai wake katika simu huiacha ilie, na kumbe safari hii aliitwa aje ale tu. Nasi twajua yaliyosemwa juu ya chakula cha walima wanachoitiwa matajiri, wakaachwa masikini.

Mkumbushe juma moja mbele, ili apate wa kumwachia ng'ombe, tena siku moja kabla. Wakati wa masika siku moja haimtoshi atokaye vijijini, mpe tatu. Siku ya mnada hukutana watu wa vijiji vingi, nao huchukua salamu vizuri, lakini salamu zilizopita midomo miwili zataka kuhakikishwa. Kwa mzee asiye na simu, apelekwe kijana wa nyumba kwa pikipiki, akaribishwe, anywe maji, wala asiage mpaka mzee aitaje siku kwa ulimi wake mwenyewe.