Asali Isichemshwe

Akina mama wengi, asali ikiganda, huimimina sufuriani na kuichemsha hadi itoe povu. Desturi hii yafaa iachwe. Asali ina asidi, ijapokuwa utamu huificha ulimini, na sukari zake kuu ni mbili: fruktosi na glukosi. Moto ukizidi, asidi hiyo huivunja fruktosi, kila molekuli ikapokonywa molekuli tatu za maji. Hapo huzaliwa haidroksimethilifurfurali (jina la kusomwa kwa kupumzika katikati), na asali huwa nyeusi, ikapoteza harufu ya maua. Kanuni za kimataifa za vyakula huruhusu miligramu 40 za kitu hicho katika kilo ya asali, na 80 kwa asali ya nchi za joto, kwani hata kabati lenye joto hufanya kazi ya moto, ila polepole. Wadhurikao hasa ni nyuki. Mfugaji anayewachemshia maji ya sukari yenye ndimu huwafupishia maisha, hata akiwa na nia njema.

Asali iliyoganda haijaharibika. Itie chupa katika maji ya vuguvugu, ambayo mkono huyavumilia, kisha uingoje.