JKIA hadi katikati ya jiji: Barabara ipo, basi liko wapi?

MSAFIRI anayetua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, huwa amekwisha kuvuka bahari na mabara. Hata hivyo, zile kilomita 18 hivi zinazosalia kabla ya kufika katikati ya jiji ndizo humkosesha utulivu. Iwapo ana mwenyeji mwenye gari, au fedha za kulipia teksi pamoja na ada ya barabara ya juu, atafika mjini upesi na bila jasho. Iwapo hana, itambidi aanze kuulizauliza.

Huko kuulizauliza kumedumu kwa miaka mingi katika nchi inayojivunia kuwa lango la Afrika Mashariki. Mabilioni ya fedha yametumika kufupisha safari ya kutoka Embakasi hadi mjini, na kweli imefupika. Ila imefupishwa kwa gari. Abiria asiye na gari bado husafiri takriban kama alivyosafiri babaye.

Uwanja huo haukuwekwa mbali kwa bahati mbaya. Ulipofunguliwa mwaka 1958, ukiitwa Embakasi, nyanda za mashariki mwa Nairobi zilikuwa wazi na tambarare, nazo ndege kubwa za enzi hizo zilihitaji njia ndefu ya kurukia. Kazi ngumu ya ujenzi ilifanywa na wafungwa wa vita vya Mau Mau, watu ambao hawakutarajiwa kamwe kupanda ndege hapo. Jengo jipya la abiria lilianza kutumika mwaka 1978 upande wa pili wa uwanja, na ule wa zamani ukaachiwa jeshi la anga. Wakati huo, aliyesafiri kwa ndege alidhaniwa kuwa mtu wa kupokewa kwa gari, ama la serikali, ama la kampuni, ama la hoteli.

Dhana hiyo ilikwisha kupitwa na wakati zamani sana. Jioni yoyote pale nje ya lango la wanaoondoka, utawaona wasichana waliovaa fulana zinazofanana, kila mmoja na bahasha ya hati mkononi, wakisubiri kupelekwa Saudi Arabia, Qatar au nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Kando yao wamesimama mama, shangazi na wadogo zao waliotoka Kakamega, Kisii au Murang'a kuja kuwasindikiza. Hawa ni abiria wa ndege kama wengine. Walikuja kwa matatu, na waliowasindikiza watarudi kwa matatu, pengine saa nne za usiku.

Isitoshe, wanaokwenda uwanjani kila siku si wasafiri. Ni wafagiaji, wapakiaji wa mizigo, walinzi, wapishi wa chakula cha ndege, makarani wa forodha na wafanyakazi wa maghala ya maua. Ndege hazilali, kwa hiyo zamu zao huanza alfajiri na kuisha usiku wa manane. Msafiri atapambana na barabara hiyo mara mbili kwa mwaka, ilhali mfagiaji hupambana nayo zaidi ya mara mia tano.

Kwa watu hao, njia iliyozoeleka ni matatu au basi nambari 34, lipitalo Embakasi. Ni huduma ya zamani, ya bei nafuu, na wenyeji huijua vyema. Tatizo ni kwamba haikubuniwa kwa ajili ya uwanja. Matatu huishi kwa kujaza viti. Utingo ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, kwa hiyo gari haling'oi mpaka lijae, na njiani husimama kila penye mtu aliyeinua mkono. Abiria mwenye sanduku kubwa ni hasara kwake, kwa maana sanduku hukalia nafasi ya mtu. Ama atatozwa nauli ya pili, ama ataambiwa asubiri gari lijalo.

Hakuna ubaya wa moyo katika jambo hilo. Ni hesabu tu. Gari linalotegemea kujaa haliwezi kumwahidi mtu kuwa saa kumi na moja na robo alfajiri litakuwa limeondoka, na mtu mwenye tiketi ya ndege anachohitaji kupita vyote ni ahadi hiyo. Ndiyo sababu wengi wenye ndege ya asubuhi hufika uwanjani jana yake usiku na kulala kwenye viti, wakiwa wamekumbatia mizigo yao.

Wapo wanaoamua kupanda matatu za Barabara ya Mombasa na kushukia Cabanas au penye njia panda ya uwanja. Kutoka hapo hadi majengo ya abiria bado pana umbali ambao hakuna mtu mwenye mzigo angependa kuutembea, na njiani kuna kizuizi cha usalama ambapo abiria hutakiwa kushuka kwenye gari na kukaguliwa.

Ndipo inapoingia barabara ya juu, Nairobi Expressway. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation (CRBC), ikaanza kutumiwa kwa majaribio Mei 2022 na kufunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta Julai mwaka huo. Ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mjenzi amepewa miaka 27 ya kuiendesha ili arudishe fedha zake kwa kutoza ada. Anayeitumia huiona tofauti mara moja. Safari iliyokuwa ikimeza saa mbili jioni ya Ijumaa huchukua sasa chini ya nusu saa.

Lakini ada haikai mahali pamoja. Ilipofika Januari 2024, gari dogo linalopita kutoka Mlolongo hadi Westlands lilipandishiwa ada kutoka Sh360 hadi Sh500, sababu ikitajwa kuwa kushuka kwa thamani ya shilingi dhidi ya dola. Dereva wa teksi hana namna ila kumwongezea abiria mzigo huo kwenye nauli. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi kabisa kupita juu.

Matatu nazo zina sababu zao za kubaki chini. Barabara ya juu ina vituo vichache vya kuingilia na kutokea, kama vile JKIA, Capital Centre, Haile Selassie, Museum Hill na Westlands, na katikati ya vituo hivyo hakuna steji. Utingo anayepanda juu atakuwa amelipa ada ili awakimbie abiria wake mwenyewe waliosimama Imara Daima, General Motors na Bellevue. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayefanya hivyo kila safari.

Hivyo basi, lililojengwa kuondoa msongamano limegawa wasafiri mafungu mawili: wa juu na wa chini. Wa chini wanaendelea na Barabara ya Mombasa ileile, na wale wanaotembea kwa miguu kando yake wamepata kivuli cha nguzo za zege badala ya miti iliyokatwa. Wakati wa ujenzi, maofisa wa serikali walisema barabara ya chini ingetengewa njia za mabasi ya mwendo kasi. Wakazi wa Nairobi wamejifunza kutoharakisha kushangilia ahadi za aina hiyo. Mwaka 2018 walipakiwa mstari mwekundu kwenye Barabara ya Thika, wakaambiwa kuwa ni njia ya mabasi. Rangi ikafifia kabla ya mabasi kuonekana.

Reli nayo ina kisa chake. Rais Mwai Kibaki alipofungua kituo cha Syokimau Novemba 2012, palikuwa na mazungumzo ya kuchepusha njia ya reli kutoka kwenye ile ya mjini hadi ndani ya uwanja. Mpango ulikuwa na mantiki, kwani reli hiyo hupita Imara Daima na Makadara, kilomita chache tu kutoka uwanjani. Mchepuko haukujengwa. Treni inayokaribia zaidi huishia Embakasi, na kutoka hapo msafiri huhitaji gari jingine.

Linalostaajabisha ni kwamba serikali hiyohiyo ilikabiliwa na tatizo lilelile mahali pengine, na ikalitatua. Reli ya kisasa ya SGR ilipozinduliwa Mei 2017, kituo chake kikuu cha Nairobi kiliwekwa Syokimau, mbali na mji. Abiria wa kutoka Mombasa walilalamika kwamba walikuwa wakifika Nairobi bila kufika. Ikawekwa treni ndogo ya kuwasubiri pale kituoni na kuwafikisha katika stesheni ya zamani katikati ya jiji. Treni hiyo ina kasoro zake, lakini ipo, saa zake zinafahamika, na mama aliyetoka Voi na gunia lake la maembe hafukuzwi. Abiria wa ndege, upande wa pili wa Barabara ya Mombasa, hajapata kufanyiwa hivyo.

Huenda sababu mojawapo ikawa ni mapato. Viwanja vya ndege duniani kote hutegemea, pamoja na mambo mengine, fedha za maegesho ya magari na za kampuni za teksi zinazopewa nafasi mlangoni. Anayekuja kwa gari humwachia mwenye uwanja kitu. Anayekuja kwa basi hamwachii chochote. Kampuni ya barabara ya juu nayo hula kwa idadi ya magari, wala si kwa idadi ya watu walio ndani yake. Kwa hiyo katika mnyororo mzima hakuna hata mmoja ambaye basi zuri litamnufaisha, ila abiria mwenyewe.

Teksi za kuitishwa kwa simu zilidhaniwa kuwa ndizo dawa. Uber ilipoanza Nairobi mwaka 2015 nauli zilishuka, na madereva wa teksi za zamani wakapandwa na hasira. Miaka iliyofuata ilikuwa zamu ya madereva wa kampuni hizo mpya kugoma, wakidai kuwa nauli haziwatoshi hata mafuta. Siku hizi si ajabu dereva kupiga simu kwanza na kuuliza unakwenda wapi na utaongeza ngapi. Kwa watu wanne wanaochanga, teksi inafaa. Kwa msichana anayerudi peke yake kutoka Riyadh, ambaye mshahara wake ulikwisha kugawanywa kabla hajatua, ni jambo jingine.

Afrika ina mifano ya kutazamwa, mizuri na ya kuonya. Johannesburg ilizindua treni ya Gautrain kati ya Sandton na uwanja wa OR Tambo Juni 8, 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia. Ina nauli ya juu, lakini ratiba yake hutegemewa. Dakar ilihamishia safari zake za ndege katika uwanja wa Blaise Diagne Desemba 2017, zaidi ya kilomita 40 nje ya jiji, na treni yake mpya ilipoanza kubeba abiria Desemba 2021 iliishia Diamniadio, njiani. Dar es Salaam ilifungua jengo la tatu la abiria Agosti 2019, na Barabara ya Nyerere ipitayo mbele ya uwanja imewekwa katika awamu ya tatu ya mabasi yaendayo haraka, inayokwenda Gongo la Mboto. Huko angalau basi liliingizwa kwenye mchoro.

Nairobi haihitaji kusubiri reli. Barabara ya kasi imekwisha kujengwa. Basi moja la viti 40, linaloondoka mlango wa wanaowasili kila nusu saa, usiku na mchana, likiwa limejaa au halijajaa, likapita juu na kushukia Haile Selassie, lingehitaji mambo mawili tu: msamaha wa ada, au ada hiyo kugawanywa kwa viti, na mtu wa kulipia safari za saa tisa za usiku ambazo hazitalipa zenyewe. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu ni ruzuku, na mabasi ya jiji hili yamekuwa mikononi mwa watu binafsi kwa muda mrefu kiasi kwamba neno ruzuku hushtua masikio. Lakini barabara ya juu nayo isingejengwa bila serikali kutoa ardhi na dhamana.

Udhaifu wa kutegemea njia moja ulidhihirika Oktoba 16, 2025, mwili wa Raila Odinga ulipowasili kutoka India. Umati ulifurika uwanjani, shughuli za ndege zikasimamishwa kwa takriban saa mbili, na barabara ikawa ya watembea kwa miguu. Mwaka mmoja kabla, Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa uwanja waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, na abiria wakarundikana nje alfajiri.

Rais William Ruto aliufuta mpango huo Novemba 21, 2024. Katika miezi yote ya mabishano yaliyotangulia, mengi yalisemwa kuhusu njia ya pili ya kurukia, jengo jipya, ajira na bei. Namna mfagiaji wa jengo hilo atakavyofika kazini saa kumi alfajiri haikupata nafasi kubwa. Haja ya kupanua uwanja ingalipo, na mwekezaji mwingine atakuja na michoro yake. Itafaa mtu aulize mapema, kabla ya zege kumwagwa, kituo cha basi kimechorwa wapi.