Eti Anyona si wetu?

Juzi hapa Nyamache nilitaja jina la George Moseti Anyona mbele ya vijana. Mmoja hakumjua kabisa. Mwingine akanijibu, "Huyo si wetu, ni wa Kitutu." Hilo jibu la pili ndilo lililonikera.

Basi sikilizeni huyo "wa Kitutu" alifanya nini. Aliingia Bunge 1974 kama mbunge wa Kitutu Mashariki. 1977 akawa anahoji zabuni ya mabehewa ya reli: kapewa nani, na kwa njia gani? Pesa hizo hazikuwa za Kitutu. Zilikuwa za mkulima wa chai wa huku Bobasi pia. Mei mwaka huo akakamatwa huko huko Bungeni, akawekwa kizuizini bila kesi mpaka Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki. 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga wakataka kuanzisha chama cha pili. Akarudishwa kizuizini, na Juni Bunge likapitisha kifungu cha 2A: KANU pekee kisheria. 1990 akakamatwa tena pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, na 1991 wakafungwa miaka saba kila mmoja kwa uchochezi. Angalia hao wanne wanatoka wapi, kisha uniambie kama jela iliwauliza ukoo.

Wapo watakaosema alikuwa mkaidi. Kweli, alikuwa. Chama chake cha KSC kilipata mbunge mmoja 1992 na mmoja 1997, na mara zote ni yeye mwenyewe. Kura zake za urais hazikufika 20,000. Kukaa chini na wapinzani wenzake kulimshinda, na sote tulilipia. Lakini 2002 hatukumwangusha kwa ukaidi wake. Wimbi la Ford-People la Simeon Nyachae lilipita Gusii, tukalifuata. Novemba 2003 akafa kwa ajali ya gari, ndipo tukakumbuka kumsifu. Sisi kwa mazishi ni hodari sana!

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Tangu Juni 2024 vijana Wakenya wamebebwa na watu wasiovaa sare, wazazi wakizunguka vituo vya polisi wakiambiwa hayupo hapa. Kizuizi cha Anyona, kwa ubaya wake wote, angalau kilikuwa na karatasi yenye sahihi ya waziri.

Sasa 2027 inanukia na mia mbili mbili zimeanza kugawanywa. Kupokea ama kukataa ni juu yako. Lakini mheshimiwa akisimama hapo sokoni, muulize mbele ya watu: orodha ya waliopata basari za CDF iko wapi? Kandarasi ya barabara alipewa nani, kwa pesa ngapi? Na kama ni wa ukoo wako, uliza wewe kwanza, kabla hatujauliza sisi.