Usiicheke Ndege Ndogo

Wasee, acheni kuiita Jambojet matatu ya angani. Sisi wa Chara tukishuka Malindi kupanda ndege, mara nyingi ni hiyo.

2016 Kenya Airways ilitangaza hasara ya bilioni 26. Yale madege iliyonunua kwa mikopo, mengine ikawakodishia Waturuki na Oman. Nafasi ya kutua Heathrow ikauzwa. Wafanyakazi 600 wakaambiwa watapunguzwa. Mtoto wake Jambojet, aliyeanza 2014, akahamia ndege za propela za watu 78, akazidi kupiga ruti.

Mimi niliacha chuo, sawa, lakini hesabu hii naielewa. Bosi anakosea, barua anapewa mbeba mizigo. Deni nalo serikali imebeba sehemu, yaani mimi na wewe kila tukinunua bando. Kabla KQ haijakopa dege lingine, itwambie abiria wako wapi.