Kabla ya kugombania Salah na Haaland, andikeni sheria

IJUMAA hii ya Agosti 2025, saa 2:30 usiku, mlango unafungwa. Liverpool inaikaribisha Bournemouth pale Anfield saa 4:00 usiku kwa saa zetu, na dakika 90 kabla ya filimbi hiyo kila mwenye timu ya FPL anatakiwa awe ameshapanga wachezaji wake 15. Baada ya hapo ni kusubiri raundi ya pili huku wenzako wakikuchora.

Najua nchi nzima sasa hivi inaongea CHAN, na ni haki yake. Taifa Stars imeshinda mechi tatu mfululizo, nani asiongee? Lakini pita kibanda umiza chochote hapa Mtwara, kuanzia Magomeni hadi Mikindani, utakuta watu wanapiga hesabu nyingine. Mwanzoni mwa msimu huu wa 2025/26 Salah aliwekewa bei ya milioni 14.5, Haaland milioni 14. Ukiwachukua wote wawili, kwenye zile pauni milioni 100 za kufikirika unabaki na 71.5 za kununua watu 13. Ni wastani wa milioni 5.5 kwa kichwa. Hapo ndipo vijiwe vinapokesha.

Ninachosema leo ni kwamba tunakesha kwenye hesabu isiyo sahihi. Sijawahi kuona ligi ya marafiki ikivunjika kwa sababu ya bei ya Haaland. Nimeziona zikivunjika kwa sababu hakuna aliyeandika sheria. Moja wapo niliivunja mimi mwenyewe.

Msimu uliopita tulikuwa watu 24, kiingilio Sh10,000, jumla Sh240,000, mshindi achukue zote. Mimi ndiye niliyeanzisha ligi, na fedha zilikaa kwenye simu yangu. Siku ya mwisho ya msimu, Mei 25, watu wawili wakamaliza na pointi sawasawa kileleni. Programu ikamweka mmoja juu, kwa sababu FPL ikikuta timu zimelingana inamtanguliza aliyefanya usajili mchache. Wa pili akasema hiyo sheria haikuwahi kutajwa kijiweni, kwa hiyo fedha zigawanywe. Wa kwanza akasema jina lake lipo juu, aliyekubali kucheza kwenye programu amekubali na sheria zake.

Nikafanya nilichodhani ni busara: nikagawa nusu kwa nusu. Nikawaudhi wote wawili. Aliyeongoza akaona nimemdhulumu Sh120,000, mwenzake akaona nimechelewesha haki yake kwa wiki mbili nikiwa nazungusha hela. Suala likafika kwa mjumbe wa nyumba kumi, mzee wa watu ambaye ilibidi kwanza aelezwe nahodha kuzidishwa mara mbili maana yake nini. Mmoja wa hao jamaa anaishi Msangamkuu, na kila Jumamosi alikuwa akipanda pantoni kuja kuangalia mpira na mwenzake. Tangu Mei sijamwona kwenye benchi lile.

Kwa hiyo tuanze na swali ambalo watu huliuliza kwanza: tuchezee wapi?

Jibu langu ni jukwaa rasmi la Ligi Kuu ya England, na sitazunguka. Ni bure, halihitaji kadi ya benki, linafunguka kwenye simu ya kawaida ya tachi na bando dogo, na pointi zinajihesabu zenyewe. Unaanzisha ligi yako binafsi, unapewa msimbo wa kujiunga, unautupa kwenye grupu la WhatsApp, basi. Msimu wa 2024/25 dunia nzima ilikuwa na timu zaidi ya milioni 11 mle ndani, na Salah akaweka rekodi ya pointi 344. Anayetaka kujifunza hakosi wa kumuuliza.

Kuna wanaopenda Draft, ule mchezo ambao kila mchezaji anakuwa na mmiliki mmoja tu ndani ya ligi. Ukimchukua Salah, hakuna mwingine wa kumgusa. Ni mtamu, tena kwa ushindani naona unaizidi FPL ya kawaida. Lakini unataka watu wote wawe mtandaoni saa moja, kila mtu achague kwa zamu huku sekunde zinahesabika, na ligi haizidi timu 16. Sasa niambie, katika ligi ya watu wa Mtwara, wenye Msimbati yao, na wavuvi walio dago wiki mbili, nani atawakusanya watu 16 wenye mtandao kwa wakati mmoja? Anayekosekana anachaguliwa na kompyuta, halafu msimu mzima analalamika kwamba timu si yake. Draft waachieni wanafunzi wa bweni moja.

Wapo pia wanaosema tuachane na Waingereza, tucheze ligi ya kwetu kwa daftari: mtu anachagua wachezaji wa Simba, Yanga, Azam, Namungo, na katibu anahesabu. Hili linanigusa, kwa sababu tangu Ndanda FC ishuke Ligi Kuu mwaka 2020 sisi wa Nangwanda Sijaona tumebaki kuwa watu wa kuangalia mpira kwenye kioo, na majirani zetu wa Ruangwa ndio wanaotuwakilisha kusini. Tulijaribu. Msimu uliopita watu wanane tulikuwa na daftari letu.

Dabi ya Kariakoo ndiyo iliyotumaliza. Mechi ilikuwa Machi 8, 2025, watu wakachagua manahodha wao, wengi wakampa Pacome. Mnajua yaliyotokea: Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, hawachezi, mechi ikaahirishwa. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0, Pacome akafunga, Mzize akafunga. Je, Pacome alikuwa nahodha wa wiki ya Machi au ya Juni? Aliyekuwa amemuuza Aprili anapata pointi zake au hapati? Kwenye daftari hakukuwa na jibu, na katibu alikuwa shabiki wa Simba, malizia mwenyewe. Juu ya hilo, hatukuwahi kukubaliana nani kapiga pasi ya bao, maana kila mtu aliiona kwa macho ya timu yake. Daftari linawezekana, lakini linahitaji ukurasa mzima wa viporo kabla ya ukurasa wa pointi.

FPL yenyewe viporo inavyo, lakini imeshavitolea hukumu: mechi ikihamishwa, pointi zinahesabika katika raundi ambayo imechezwa kweli. Hakuna wa kubishana na katibu.

Basi jukwaa tumemaliza. Kazi kubwa ipo kwenye yale ambayo jukwaa haliyajui. Programu haijui kama kuna hela. Haijui kama mtu ana laini mbili na timu mbili. Haijui kwamba fulani yuko baharini. Hayo ni ya kwenu, na yaandikwe kwenye karatasi moja, ipigwe picha, iwekwe kwenye grupu kabla ya Ijumaa.

La kwanza ni fedha, na hapa naomba nisikilizwe hata na wasionipenda. Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hasa aliyeanzisha ligi. Fungueni akaunti ya kikundi ya simu kama wanavyofanya kina mama wa vikoba, ambako mmoja hawezi kutoa bila wenzake kuridhia na kila mtu anaona salio. Kama hamuwezi, wekeni watu watatu ambao hawachezi. Kiingilio kiwe kidogo. Mimi sasa nasema Sh5,000, na kilipwe kwa awamu mbili, nusu sasa na nusu minada ya korosho ikishaanza Oktoba. Agosti huku kwetu mfuko wa mkulima mtupu, kila mtu anajua. Ligi isimpeleke mtu kuuza korosho zake kwa kangomba zikiwa bado mtini eti akalipie kiingilio cha fantasi.

Na tusijidanganye kuhusu mkeka. Ligi ya marafiki yenye zawadi ya msimu ni kitu kimoja. Mkianza kukusanya hela za watu msiowajua kila wiki na waandaaji wakakata chao, hiyo ni biashara ya kubahatisha, na biashara hiyo ina Bodi yake, ina sheria yake ya mwaka 2003 na inataka leseni. Watoto wa shule wacheze bure, jina likae kwenye msimamo, hela wasiguse.

La pili ni mgawanyo wa zawadi. Mshindi kuchukua zote ndiko kulikotuponza. Zaidi ya ugomvi wa mwisho, kuliua ligi mapema: kufika Januari watu 11 kati ya 24 walikuwa hawagusi tena timu zao, kwa sababu wa kwanza alishawaacha mbali. Gawanyeni. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kitu kidogo cha kila mwezi, hata kiwe vocha. Mwezi mmoja tulipoweka vocha kwa mzaha, aliyeichukua ni dada muuza chapati aliyekuwa nafasi ya 19, na hakukosa raundi hata moja baada ya hapo. Andikeni na hili: wakilingana pointi, tunafuata programu, au tunagawana. Vyovyote, mradi limeandikwa. Maneno matano tu yangeniokoa.

La tatu ni muda, na hili ni la kwetu kabisa. FPL inafunga dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Jumamosi yenye mechi ya mapema, hiyo ni saa 7:00 mchana kwetu. Lakini mwishoni mwa Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, na mlango unahamia saa 8:00 mchana hadi mwishoni mwa Machi, halafu unarudi saa 7:00. Kila Machi kuna mtu analia.

Huku mpakani kuna na lingine. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Kilambo au pembezoni mwa mdomo wa Ruvuma, simu yako ikishika mnara wa ng'ambo inaweza kujibadilisha saa bila kukuuliza. Grupu limekuambia mwisho saa 8:00, simu inasoma saa 7:20, unajiona una muda wa kunywa chai. Kumbe mlango umefungwa dakika 20 zilizopita na nahodha wako yuko majeruhi. Zimeni ile saa ya kujiseti yenyewe, au angalieni muda ndani ya programu, si kwenye ujumbe wa admini.

Kwa walio dago bila mtandao, sheria ya haki ni kumruhusu mtu ateue mwakilishi mmoja, jina lake liandikwe mwanzo wa msimu, naye asiwe mshiriki wa ligi hiyo hiyo. Bila hiyo, mtu anampa nywila rafiki yake, rafiki naye ana timu yake, na siku nahodha akibadilishwa kimakosa hakuna atakayeamini kuwa ni makosa. Timu moja kwa mtu mmoja, kwa jina linalojulikana mtaani. “Mzee wa Kazi FC” ni nani? Tulicheza msimu mzima na huyo mtu hatukumjua hadi leo.

Mengine ni ya kuelezana tu, kwa sababu FPL yenyewe imebadilisha mambo msimu huu wa 2025/26 na wakongwe watawakimbiza wageni. Zile karata nne, kubadili kikosi kizima, kubadili kwa raundi moja, kuhesabu benchi na nahodha mara tatu, sasa kila moja inatoka mara mbili, na seti ya kwanza inakufa usipoitumia kabla mlango wa raundi ya 19 haujafungwa. Beki akifikisha matendo 10 ya kukaba, kunasa, kuzuia na kuondosha hatari anapata pointi mbili, hivyo wale mabeki wa timu ndogo wanaoshambuliwa dakika zote 90 wamepanda thamani. Na kwa kuwa AFCON ya Morocco inaanza Desemba 21, 2025, raundi ya 16 kila mtu atajaziwa usajili wa bure hadi tano. Salah atakuwa na Misri, Stars yetu nayo ipo huko huko. Mkubaliane mapema kwamba ligi haisimami kwa ajili ya AFCON, maana atatokea wa kuomba isimame.

Karatasi yetu ya msimu huu nimeshaiandika, ukurasa mmoja, mistari 14. Juzi niliwatumia wale jamaa wawili. Aliyeongoza Mei ameshajiunga. Wa Msangamkuu alikaa kimya siku nzima, usiku akajibu kwa swali moja: hela anashika nani? Nikamwambia si mimi. Hadi naandika hapa hajaweka timu, na mlango ni Ijumaa saa 2:30.