Sensa ya Joto la Maji ya Gari

Wasomaji wetu, wengi katika sisi tuna gari moja tu nyumbani, nalo ndilo la kupelekea watoto chuoni na mgonjwa hospitali. Likiharibika, fedha ya matumizi huishia gereji. Jirani yetu mmoja gari lake lilianza kunywa petroli kupita ada yake, likitoa moshi mweusi, na likisha kupata moto ni taabu kuliwasha tena. Fundi mmoja akabadilisha plagi, wa pili akauza pampu, na ugonjwa ukabaki pale pale. Mwisho ilionekana kuwa ni sensa ya joto la maji.

Kidude hiki hukaa kwenye injini, ncha yake ndani ya maji, nacho huipasha kompyuta ya gari habari ya joto. Injini baridi hutaka petroli nyingi, iliyopata moto hutaka chache. Basi sensa ikidai kuwa injini ni baridi hali ya kuwa ni moto, kompyuta humimina petroli bure. Ikidai kinyume chake, gari hukataa kuwaka asubuhi. Na waya ukikatika, kompyuta husoma baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, jambo ambalo Mombasa wala Unguja halijapata kuonekana!

Lakini haifai kuihukumu sensa kabla ya kuipima. Kwanza tazameni maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa; kifuniko kikifunguliwa kwa moto, maji huruka na kumuunguza mtu uso. Kisha tazameni soketi na nyaya, kwani kutu ya pwani haina huruma. Mashine ya fundi ikionyesha P0117 au P0118, hiyo ni habari ya njia nzima ya umeme, si ya kidude peke yake. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji linalosomwa na mashine yapasa kukaribiana na joto la hewa.

Ikibaki shaka, sensa ifunguliwe, ncha yake itiwe katika maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto, na fundi apime kwa mita ya umeme. Katika Toyota nyingi, kwa nyuzi 20 hupatikana kiasi cha ohmu 2,000 hadi 3,000, na kwa nyuzi 80 hushuka hadi 200 au 400. Namba zishuke polepole pasi na kuruka. Zikienda sawa, sensa ni nzima. Huenda themostati imekwama wazi, na injini kweli haipati moto.

Akina mama, sufuria ya kazi hiyo isirudi jikoni. Dawa ya rejeta aghlabu ina sumu yenye utamu, na mtoto huweza kuilamba. Iliyomwagika ioshwe mara moja.

Sensa mpya ikisha kufungwa, maji yajazwe na hewa itolewe, kwani ncha ikizungukwa na hewa husoma uongo vile vile.